Kusali Sala ya Asubuhi na ya Jioni ya Kianglikana Nyumbani kwa Msaada wa Intaneti

Anayeanza kusali sala za kila siku akiwa na simu mkononi mara nyingi hukwama kabla juma halijaisha, na si kwa kukosa nia. Kinachomkwamisha ni wingi. Tovuti moja inampa zaburi tatu, nyingine inampa moja ambayo haimo katika hizo tatu. Programu hii inasema leo ni Jumapili ya tatu baada ya Utatu, ile inasema ni ya nne baada ya Pentekoste. Masomo hayalingani, na karibu kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza. Cha ajabu ni kwamba zote ziko sahihi, kila moja kwa kitabu chake.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili. Maneno yasiyobadilika yakae kwenye karatasi, na baadaye kichwani. Intaneti itumike kwa yale tu yanayobadilika kila siku. Mwongozo huu umejengwa juu ya mgawanyo huo, na unamlenga mtu anayetaka kusali kwa Kiswahili ingawa vyanzo vingi anavyovipata si vya Kiswahili.

Kilichomo ndani ya sala

Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kianglikana kilitoka Uingereza mwaka 1549, chini ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Kilizikusanya zile saa nyingi za sala za watawa zikawa mbili tu, asubuhi na jioni, ili mtu mwenye shamba, duka na watoto naye aziweze. Toleo la 1662 ndilo lililosambaa zaidi duniani, na mpangilio wake ndio utakaoutambua katika vitabu vya sala vya Kiswahili.

Asubuhi inakwenda hivi: mstari wa Maandiko, maungamo, tangazo la msamaha, Sala ya Bwana, maneno ya kufungua midomo, Zaburi ya 95, zaburi za siku, somo la Agano la Kale, Te Deum (wimbo wa kale wa kumsifu Mungu), somo la Agano Jipya, Wimbo wa Zakaria (Luka 1:68–79), Imani ya Mitume, maombi mafupi ya kujibizana, kolekti tatu (kolekti ni sala fupi yenye ombi moja), maombi mengine, na kufunga kwa Neema (2 Wakorintho 13:14). Jioni ni njia ileile, ila Zaburi ya 95 haisemwi, baada ya somo la kwanza unakuja Wimbo wa Maria (Luka 1:46–55), na baada ya la pili Wimbo wa Simeoni (Luka 2:29–32).

Sasa hesabu yanayobadilika: zaburi, somo la kwanza, somo la pili, na kolekti ya kwanza kati ya zile tatu. Basi. Vitabu vya kisasa huongeza tofauti za majira, kwa mfano nyimbo za Kwaresima au za Pasaka, lakini kwa miezi ya mwanzo unaweza kuziacha bila hasara.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja na kalenda moja ya masomo

Kama unacho Kitabu cha Sala cha Kiswahili kinachotumika katika jimbo lako, hicho ndicho kitabu chako, na hapa huhitaji ushauri zaidi. Kama hunacho, uliza kwa kasisi au katika duka la vitabu la dayosisi kabla ya kuanza kutafuta faili mtandaoni. Maneno utakayoyasali nyumbani yakiwa ndiyo yaleyale ya kanisani Jumapili, utayashika kwa kichwa mapema zaidi.

Kwa kalenda ya masomo, hivi ndivyo vyanzo vinavyofaa zaidi:

Tovuti ya Kanisa la Uingereza, churchofengland.org, huweka kila siku Sala ya Asubuhi, ya Jioni na ya Usiku, pamoja na sala fupi ya mchana. Kuna mtindo wa kisasa, ambao ni wa kitabu kinachoitwa Common Worship, na mtindo wa kale wa 1662. Kuna pia programu ya simu na matangazo ya sauti.

Tovuti ya dailyoffice2019.com inatumia kitabu cha 2019 cha Kanisa Anglikana la Amerika ya Kaskazini. Uzuri wake ni mipangilio: unaweza kuchagua zaburi ziishe kwa siku 30 au 60, na masomo yaende kwa mzunguko wa mwaka mmoja au miwili. Ina pia sala fupi za familia.

Mission St. Clare, missionstclare.com, inafuata kitabu cha 1979 cha Kanisa la Episkopali la Marekani. Hilo ni kanisa tofauti na lile la kitabu cha 2019, na ndiyo sababu tovuti hizi mbili, zote za Marekani, hukupa masomo tofauti siku moja.

Kwa mwenye kupenda kuchimba matoleo ya zamani, justus.anglican.org imekusanya vitabu vya sala vya Kianglikana vya nchi na lugha nyingi. Ni ghala zuri, lakini si mahali pa kuanzia asubuhi ukiwa na usingizi.

Chagua kimoja, kisha kaa nacho angalau tangu Majilio, yaani majira ya kabla ya Krismasi, hadi Pasaka. Ushauri wetu kwa anayeanza ni masomo ya tovuti ya Kanisa la Uingereza au ya kitabu cha 2019. Cha pili kina faida moja kubwa: masomo yake yamefungwa kwenye tarehe za kalenda ya kawaida badala ya kwenye majuma ya Kanisa, kwa hiyo ni vigumu kupotea.

Ukichagua kitabu cha 1979, fahamu sheria tatu. Mwaka wa Kwanza huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio inayotangulia mwaka wa namba witiri, na Mwaka wa Pili huanza ile inayotangulia mwaka wa namba shufwa. Masomo hutolewa matatu kwa siku, mawili ya wakati mmoja na moja la wakati mwingine; Injili hupendekezwa jioni katika Mwaka wa Kwanza na asubuhi katika Mwaka wa Pili. Na zaburi za asubuhi hutenganishwa na za jioni kwa alama ndogo ya urembo katikati ya mstari. Asiyejua hilo husoma zote asubuhi, akachoka, akalaumu sala kwa urefu.

Usichanganye mzunguko huu wa miaka miwili na ule wa Jumapili wa miaka mitatu, A, B na C. Ule wa Jumapili ni wa Ushirika Mtakatifu. Mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki, kama 2025, ni C, na C hiyo huwa imeanza kwenye Majilio ya mwaka uliotangulia.

Hatua ya 2: Andaa karatasi ya yasiyobadilika

Chukua karatasi mbili za A4, moja ya asubuhi na moja ya jioni, uandike kwa mkono au uchape maneno yote ya kudumu kwa mfuatano wake. Acha nafasi zenye alama nne: Z kwa zaburi, 1 na 2 kwa masomo, K kwa kolekti. Herufi ziwe kubwa, maana utazisoma alfajiri, na siku nyingine umeme utakuwa umekatika.

Nyimbo za Injili (za Zakaria, Maria na Simeoni), Zaburi ya 95 na Neema unaweza kuzitoa kwenye Biblia yako. Te Deum, Imani ya Mitume, maungamo na kolekti zitoke kwenye Kitabu cha Sala. Usiwaachie mashine za kutafsiri kazi hiyo. Kivinjari kikitafsiri ukurasa wa Kiingereza chenyewe, vichwa vya sala hugeuka kuwa amri za ajabu, na Mungu mmoja huanza kuitwa „ninyi”. Zima kabisa tafsiri ya moja kwa moja kwa tovuti hizi; unachokitafuta humo ni sura na mistari tu.

Mambo manne ya kurekebisha kwenye karatasi ya mtu anayesali bila kasisi:

Tangazo la msamaha. Katika 1662 hili ni la kasisi peke yake. Mlei asiseme „awasamehe ninyi”. Vitabu vya kisasa humruhusu kusema „atusamehe sisi”, wanaofuata mpangilio wa kale huweka mahali pake kolekti ya Jumapili ya 21 baada ya Utatu, inayoomba msamaha na amani.

Salamu kati ya kiongozi na watu. Ukiwa peke yako, mahali pa salamu ile weka mstari wa Zaburi ya 102:1, kuomba Bwana asikie maombi na kilio kimfikie.

Maombi ya serikali. Tovuti ya Uingereza itamwombea Mfalme Charles, na ya Marekani itamtaja rais wa kwao. Andika wakuu wa nchi unayoishi. Mswahili aliyeko Muscat au Minneapolis ana wajibu huohuo kwa watawala wa huko, kwa mujibu wa 1 Timotheo 2:1–2, na anaweza kuongeza nchi ya nyumbani. Jina la askofu wa dayosisi yako nalo liandikwe hapo kwa penseli, kwa kuwa hubadilika.

Wingi wa maneno. Maungamo na maombi yote yapo kwa „sisi”. Yaache hivyo hata ukiwa peke yako chumbani. Unasali pamoja na Kanisa lililotawanyika.

Hatua ya 3: Zaburi, ambazo hazihitaji intaneti

Hapa ndipo wengi hupoteza data na muda bure. Mpango wa 1662 unagawanya zaburi zote 150 kwa siku 30 za mwezi. Ukijua leo ni tarehe ngapi, unajua zaburi zako. Nakili jedwali hili nyuma ya karatasi yako. Namba ya kwanza ni tarehe, kisha asubuhi, kisha jioni.

1: 1–5 / 6–8
2: 9–11 / 12–14
3: 15–17 / 18
4: 19–21 / 22–23
5: 24–26 / 27–29
6: 30–31 / 32–34
7: 35–36 / 37
8: 38–40 / 41–43
9: 44–46 / 47–49
10: 50–52 / 53–55
11: 56–58 / 59–61
12: 62–64 / 65–67
13: 68 / 69–70
14: 71–72 / 73–74
15: 75–77 / 78
16: 79–81 / 82–85
17: 86–88 / 89
18: 90–92 / 93–94
19: 95–97 / 98–101
20: 102–103 / 104
21: 105 / 106
22: 107 / 108–109
23: 110–113 / 114–115
24: 116–118 / 119:1–32
25: 119:33–72 / 119:73–104
26: 119:105–144 / 119:145–176
27: 120–125 / 126–131
28: 132–135 / 136–138
29: 139–141 / 142–143
30: 144–146 / 147–150

Tarehe 31 rudia zaburi za tarehe 30. Februari ikiisha, imeisha. Zilizobaki zitasubiri Machi. Tarehe 19 asubuhi Zaburi ya 95 isemwe mara moja tu, ndani ya zaburi za siku. Krismasi, Jumatano ya Majivu, Ijumaa Kuu, Pasaka, Kupaa na Pentekoste zina zaburi zake maalumu. Siku hizo weka jedwali kando ufuate kitabu.

Jihadhari na tarehe 15 jioni. Zaburi ya 78 ina mistari 72, na ndiyo inayowavunja moyo wengi. Hakuna ubaya kusoma nusu yake, ila amua kabla ya kuanza utaishia wapi. Ukiamua katikati, utakuwa unahesabu mistari badala ya kusali. Kama hata zaburi tatu kwa mkupuo ni nyingi, gawanya kwa miezi miwili: mwezi wa namba witiri soma za asubuhi, wa namba shufwa soma za jioni, na kila fungu ligawe kati ya nyakati zako mbili.

Namna ya kuzisoma ni sehemu ya sala yenyewe. Kila mstari una nusu mbili. Katika matoleo ya Kiingereza huona nyota au nukta mbili katikati. Katika Biblia ya Kiswahili iliyopangwa kishairi fuata pale mstari unapokatika. Tua hapo kwa pumzi moja, kisha endelea, na usitue tena mwishoni. Mkiwa wawili, pokezaneni mstari kwa mstari. Baada ya kila zaburi, sema sifa fupi ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Hatua ya 4: Masomo, toka tovuti hadi Biblia ya Kiswahili

Hii ndiyo kazi halisi ya intaneti. Fungua kalenda uliyochagua, chukua marejeo ya sura na mistari, funga ukurasa, fungua Biblia yako. Kwenye bible.com na programu yake yapo matoleo ya Union Version, Habari Njema na Neno. Union Version ina lugha iliyo karibu zaidi na ile ya Kitabu cha Sala; Habari Njema hueleweka kwa wepesi zaidi kwa manabii na nyaraka za Paulo, na huwafaa watoto. Pakua toleo linaloruhusu kusomwa bila mtandao.

Makosa hutokea kwenye majina ya vitabu. Ecclesiastes ni Mhubiri, lakini Ecclesiasticus, au Sirach, ni Yoshua bin Sira. Judges ni Waamuzi, Jude ni Yuda. Job ni Ayubu, James ni Yakobo, Acts ni Matendo, Lamentations ni Maombolezo. Kifupi Phil kwa kawaida ni Wafilipi, na Filemoni huandikwa Philem au Phlm.

Alama nazo zina maana. Waingereza hutenganisha sura na mstari kwa nukta, Wamarekani kwa nukta mbili. Neno „end” ni hadi mwisho wa sura. Mistari iliyofungwa kwa mabano ni ya hiari. Herufi a au b baada ya namba ni nusu ya kwanza au ya pili ya mstari.

Mara kwa mara, hasa kuelekea mwisho wa mwaka wa Kanisa, utakutana na somo kutoka Hekima ya Solomoni, Baruku, Tobiti au Makabayo. Union Version haina vitabu hivyo. Liko toleo la Habari Njema lenye vitabu vya deuterokanoni, nalo linapatikana mtandaoni. Vinginevyo chukua somo mbadala la Agano la Kale ambalo kalenda ya Kanisa la Uingereza hulitoa pembeni.

Sasa tatizo ambalo huwachanganya hata wazoefu: tarehe. Tovuti nyingine huangalia saa ya simu yako, nyingine hufuata saa ya nchi yake. Usiku wa manane wa London ni saa tisa usiku Dar es Salaam au Nairobi wakati wa baridi kule, na saa nane usiku wakati wa kiangazi. Hapo huna shida. Usiku wa manane wa New York ni saa mbili asubuhi kwetu, au saa moja asubuhi wao wakisogeza saa zao. Anayesali saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa ukurasa unaofuata saa ya Marekani anasoma masomo ya jana, na juma zima linaweza kupita hajagundua. Angalia tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya kulimaliza kabisa ni kuandaa juma zima Jumamosi jioni. Tovuti za kalenda tulizozitaja hukuruhusu kuchagua tarehe ya mbele. Andika marejeo ya siku saba kwenye kadi moja: masomo manne kwa siku, jumla 28, au matatu, jumla 21, kwa kitabu cha 1979. Kazi yenyewe ni ya robo saa. Kuanzia Jumapili hadi Jumamosi inayofuata hutahitaji mtandao hata kidogo, na simu inaweza kubaki chumba kingine.

Hatua ya 5: Kolekti ya juma

Kolekti ya Jumapili husaliwa juma zima, na huanza Jumamosi jioni. Watu wengi huianza Jumapili asubuhi na kuiendeleza hadi Jumamosi usiku, ndiyo maana hujikuta nyuma ya kalenda kwa sala moja. Katika 1662, kolekti ya Jumapili ya kwanza ya Majilio hurudiwa kila siku, pamoja na ya juma husika, hadi mkesha wa Krismasi. Ya Jumatano ya Majivu hurudiwa hivyohivyo Kwaresima yote.

Kuhusu kuhesabu Jumapili: Jumapili ya Utatu ndiyo ya kwanza baada ya Pentekoste, kwa hiyo namba ya „baada ya Pentekoste” huwa mbele kwa moja. Jumapili ya 10 baada ya Utatu ni ya 11 baada ya Pentekoste. Lakini usidhani kwamba kolekti zitalingana ukishafanya hesabu hiyo, maana vitabu vya kisasa vimezipanga upya. Fuata za kitabu chako tu.

Kama Kitabu cha Sala kipo kimoja tu kanisani, omba ruhusa upige picha kurasa za kolekti za mwezi unaofuata. Ni Jumapili nne au tano, picha chache tu.

Hatua ya 6: Simu yenyewe

Kama bado utaitumia wakati wa sala, iwekwe kwenye hali ya usinisumbue kabla hujaketi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unaoshuka juu ya Zaburi ya 51 unatosha kuiharibu. Weka njia ya mkato ya ukurasa wako kwenye skrini ya kwanza, usipitie mitandao mingine kuufikia. Sehemu zisizobadilika zihifadhi kama PDF. Kwenye kivinjari chagua kuchapisha, kisha hifadhi kama PDF.

Sauti inafaa kwa mtu anayeendesha gari, anayepika, au asiyeona vizuri. Sala ya Asubuhi ya takriban dakika 20 iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 10, na kwa kilobiti 128 karibu MB 19. Kwa siku 30 asubuhi tu, hiyo ni kati ya MB 300 na 600, basi pakua mahali penye Wi-Fi. Sauti hizo ni za Kiingereza. Kwa Kiswahili, mpango mzuri ni kusali karatasi yako kwa mdomo na kusikiliza masomo peke yake, Bible.is ina Biblia ya Kiswahili ya kusikiliza. Video ndiyo chaguo la mwisho: inakula data nyingi, na inamgeuza msali kuwa mtazamaji.

Kusali na wengine, walio karibu na walio mbali

Nyumbani gawaneni kazi: mmoja aongoze, mwingine asome la kwanza, mtoto anayejua kusoma apewe la pili, na atajiwe mistari yake mapema ajiandae. Watoto wadogo hawatavumilia dakika 25. Kwao chukua zaburi moja fupi, somo moja, Imani, Sala ya Bwana na kolekti, dakika kama nane, bila kuwaomba radhi wakubwa.

Kwa familia iliyotawanyika, Sala ya Usiku ndiyo inayofaa, kwani ni fupi na karibu haibadiliki. Saa tatu usiku Nairobi ni saa nne usiku Muscat, saa mbili usiku Bujumbura na Lubumbashi, na saa kumi na mbili au saa moja jioni London kutegemea majira. Pigianeni simu ya sauti, si ya video. Msijaribu kusema Sala ya Bwana kwa pamoja mtandaoni: sauti huchelewa kwa kila mmoja kiasi chake, na matokeo yake ni makelele. Kiongozi aseme kwa sauti, wengine wazime maikrofoni zao na waseme taratibu walipo. Majibu mafupi yatolewe na mtu mmoja aliyeteuliwa. Kadi ya juma itumwe kwenye kundi Jumamosi kama maandishi, ili kila mtu aweze kuinakili.

Muda ukiwa mfupi, na siku ukizikosa

Sala kamili kwa mtu mmoja ni dakika 20 hadi 25. Siku yenye dakika kumi, punguza kwa mpangilio huu: kwanza maombi ya ziada baada ya kolekti, kisha Te Deum, kisha somo moja, mwisho punguza zaburi hadi moja. Visivyoondolewa ni zaburi, somo, wimbo wa Injili, Sala ya Bwana na kolekti. Ni heri ufupishe kila siku mahali palepale kuliko kuokota vipande tofauti kila mara.

Siku ukizikosa, usizilipe. Anayejaribu kusoma zaburi za siku tatu kwa pamoja huacha kabisa juma linalofuata. Angalia tarehe ya leo, chukua zaburi za leo na masomo ya leo. Kama somo lilikuwa linaendelea, mathalani habari za Yusufu katika Mwanzo, pitia sura ulizoruka wakati mwingine nje ya sala.

Jambo la mwisho ni sikukuu. Kalenda za ng'ambo zimejaa watakatifu ambao hujawahi kuwasikia, na huenda zikawapita walio wa kwenu. Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, na Askofu Mkuu Janani Luwum, tarehe 17 Februari, wamo katika kalenda ya Kanisa la Uingereza. Wengine utawapata tu kwenye kalenda ya jimbo lako. Mwanzoni mwa Majilio iombe ofisi ya parishi kalenda ya mwaka mpya, uweke alama sikukuu hizo kwenye kalenda ya simu, na kila moja iwe na kikumbusho cha jioni ya siku iliyotangulia ili upate kutafuta kolekti yake mapema.